Waridi la Ulaya kwenye sahani ya Mchina: kisahani cha euro 8 kilichoniweka darasani mwaka mzima

Fundi Sahani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Leo mvua imenifungia ndani, acha niumwage.

Niko Uholanzi, kazi yangu ni kufungasha vyombo kwenye ghala la nyumba ya mnada. Sijasomea sanaa. Mimi ni mtu wa maboksi na karatasi laini. Ila ukishika vyombo vya watu miaka sita, mikono inaanza kujua mambo ambayo kichwa hakijaambiwa.

Mwaka jana nilipita soko la mitumba la Jumapili nikaona kisahani kimebandikwa karatasi "Saksen", yaani Saksonia, kule Ujerumani. Katikati kina shada: waridi la pinki lililofunguka, tulipu ya zambarau yenye michirizi, na vijiua vya buluu vimetawanywa pembeni kama vimedondoka. Chini ya shada kuna kipepeo. Euro 8. Nikalipa haraka kabla muuzaji hajashtuka, maana kaure (porcelain) ya Meissen, kiwanda maarufu cha huko Saksonia, ya karne ya 18 kwa bei ya chipsi na soda si jambo la kila wiki.

Jumatatu nikampelekea mama mmoja wa kazini aliyezeekea kwenye kaure. Maua hata hakuyatazama. Alikipindua, akapitisha ukucha kwenye kitako, akakirudisha mezani. "Mchina."

Nikamuuliza Mchina gani anachora tulipu. Akacheka, akaniambia nikae chini.

Kwa kifupi: Wazungu waliagiza kaure Uchina kwa zaidi ya karne moja bila kujua inatengenezwaje. Mtawala wa Saksonia, August, alikuwa mgonjwa kabisa wa kaure. Mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wa farasi 600, akachukua vyombo 151 vya Kichina. Askari 600 wazima, wakuu, kwa vyombo vya udongo. Alikuwa pia amemfungia kijana anayeitwa Böttger aliyejidai anaweza kutengeneza dhahabu. Dhahabu haikutoka, ila siri ya kaure ikapatikana, na mwaka 1710 kiwanda cha Meissen kikafunguliwa.

Mwanzoni Meissen walichora maua ya Kiasia waliyoyaita "maua ya Kihindi", maana enzi hizo kila kinachotoka mashariki kwao kilikuwa cha India. Kufika miaka ya 1740 wakageukia "maua ya Kijerumani": waridi, tulipu, maua ya bustani zao, wakiyanakili kutoka vitabu vya mimea vilivyochapwa kwa mabamba ya shaba. Yakapendwa Ulaya nzima, lakini bei yake ilikuwa ya wakubwa.

Wafanyabiashara wakapiga hesabu. Wakachukua sahani ya Meissen, au mchoro wake, wakapakia melini mpaka Canton, bandari ya Uchina, wakasema: tutengenezee kama hii. Na Mchina akatengeneza. Kisahani changu ni mtoto wa safari hiyo.

Naendelea chini, chai imechemka.

---

Kidevu Cheupe

Uzi wa vyombo bila picha? Mkuu unatuonjesha harufu ya pilau halafu unafunga mlango.

Nimekaa palee kwenye kona.

---

Fundi Sahani

Kidevu, picha simu yangu inaziua, rangi zote zinageuka maji ya matope. Nitakuelezea kwa maneno, utaona vizuri zaidi.

Pindua kisahani. Pete ya kitako haina ngozi ya kioo, yaani lile tabaka la kung'aa linalofunika chombo, udongo uko wazi, na pale kioo kinapoishia kuna mstari mwembamba wa rangi ya kutu. Ni chuma kilichomo kwenye udongo, kimeungua motoni. Ukikipeleka dirishani, weupe wake si wa maziwa, umeelekea ubuluu wa kijivu, kama weupe wa yai la bata. Ukikiinamisha mwanga upite juu juu, uso wake una vitundu vidogo sana, mfano wa ganda la chungwa. Na alama hakuna. Meissen walikuwa wanachora panga mbili zilizopishana, za buluu, chini ya kioo. Vyombo vya Kichina vya kuuzwa nje mara nyingi havina alama yoyote.

Sasa maua. Kwa mbali utaapa ni Mjerumani. Sogea. Waridi la Meissen lina mwili: mchoraji kaweka kivuli ndani ya ua mpaka unaona pale mdudu angeingia. Waridi langu limezungushwa mistari myembamba, jani juu ya jani, kama peoni ya Kichina iliyovalishwa kanzu ya kigeni. Shina la tulipu limepinda kwa mkono mmoja usiosita, mkono wa mtu aliyeshika brashi tangu utotoni. Na kipepeo ndiye kaniua kabisa. Meissen walipenda kuchora mdudu na kivuli chake, aonekane ametua pale sasa hivi. Mchoraji wa kisahani changu amekiona kile kivuli kwenye sampuli, hakujua ni cha nini, basi amekichora pembeni, mbali na kipepeo, kama jani bovu linalojitegemea.

Nilipokiona kile kivuli kilichopotea nilimpenda yule bwana.

---

Mpiga Debe Mstaafu

Kwa hiyo Wachina hawajaanza leo kukopi. Hahaha. Karne ya 18 tayari wanatoa "Meissen" feki.

---

Fundi Sahani

Mpiga Debe, hapo ndipo napenda watu waanzie, maana ndipo wanapotelezea.

Nani kamkopi nani? Wachina walikuwa na kaure ngumu karne nyingi kabla ya Böttger kuzaliwa. Meissen imeanza kwa kuiga Asia: udongo, maumbo, mpaka maua. Ikachukua vitabu vya mimea ikaiga michoro ya watu wengine. Canton ikaiga Meissen. Waingereza nao wakaiga wote wawili. Karne ya 19 Paris kukawa na kiwanda cha Samson kinachoiga vyombo vya Kichina vilivyotengenezwa kwa ajili ya Wazungu, na hivyo vya Samson leo vinatutesa ghalani. Ukianza kufukuza mwizi katika msafara huu utazunguka mpaka ukamate shati lako mwenyewe.

Na Mchina hakumdanganya mtu. Aliletewa oda na sampuli, akafanya kazi, akalipwa. Aliyeniuzia akaandika Saksen ni Mholanzi.

---

Mzee wa Guangzhou

Mmenitoa mafichoni. Mimi niko huku huku Guangzhou, ndiyo hiyo Canton yenyewe, mwaka wa kumi na moja nafungasha makontena ya watu wa Kariakoo.

Wanaokuja huku kununua nguo wanalijua soko la Shisanhang. Wengi hawajui jina lile maana yake. Ni "nyumba kumi na tatu za biashara". Eneo hilo ndipo Wazungu walipopangiwa wakae, kando ya mto. Kuanzia 1757 mfalme wa Uchina aliwaruhusu kufanya biashara bandari hii moja tu, mpaka vita na mkataba wa 1842 vikavunja utaratibu. Msimu ukiisha walitakiwa waondoke, wengi walienda kusubiri Makau. Wake zao hawakuruhusiwa kuingia kabisa. Majengo yenyewe yaliungua 1856, leo ni mabegi ya nguo na watu wanasukumana na mikokoteni.

Fundi, hilo la kivuli limenichekesha kwa uchungu. Miaka ya nyuma mteja wangu alitaka sahani za melamini zenye maua fulani. Akanitumia picha aliyoitoa mtandaoni, nami nikaisukuma kiwandani bila kuikagua. Kontena limefika Dar, kila sahani ina ua, na juu ya ua, kwa herufi nyepesi za kijivu, jina la tovuti ilikotoka picha. Sahani elfu tatu. Kiwanda kikasema: tumefuata sampuli.

Walifuata kweli. Nilishindwa hata kubisha.

---

Fundi Sahani

Mzee wa Guangzhou, kaa hapo hapo usiondoke!

Kuna hadithi inayosimuliwa sana na wauza kaure huku, ya bwana aliyetuma mchoro wa nembo ya familia, pembeni akaandika kwa wino rangi anazotaka: hapa nyekundu, hapa kijani. Oda ikarudi baada ya miaka miwili, kila sahani imeandikwa hapa nyekundu, hapa kijani. Mama wa kazini anaisimulia kila Krismasi na kila mwaka nembo inakuwa ya familia nyingine, kwa hiyo ichukue kama hadithi. Lakini wewe umeileta na kontena.

---

Mwalimu wa Maabara

Samahani kuna kitu mleta mada amekipita. Umesema Canton "wakatengeneza". Udongo haukuchomwa Canton. Kaure ilitengenezwa Jingdezhen, mkoa wa Jiangxi, ndani kabisa ya nchi. Neno kaolini lenyewe linatokana na kijiji cha Gaoling, jirani na mji huo.

---

Fundi Sahani

Umenishika, Mwalimu. Ni kweli, nimekimbia.

Chombo kilichomwa Jingdezhen kwenye moto unaofika kama nyuzi 1,300, kikatoka cheupe kitupu. Kikapakiwa kwenye mashua, kikapita ziwa na mito, kikafika mlima wa Meiling ambako hakuna mto, watu wakakibeba mabegani kukivusha, upande wa pili kikarudi majini mpaka Canton. Kama ni cha rangi ya buluu ya chini ya kioo, kilishachorwa kule kule Jingdezhen, kwa sababu buluu inachorwa kabla ya moto mkubwa. Lakini waridi, kijani, zambarau, dhahabu, hizo ni rangi za juu ya kioo, zinachomwa mara ya pili kwenye tanuri dogo lenye moto wa nyuzi 700 au 800 hivi. Kwa hiyo katikati ya karne ya 18 mafundi wengi wa rangi walihamia Canton, karibu na mteja. Meli ikitia nanga na sampuli, vyombo vyeupe viko stoo vinasubiri.

Mwingereza mmoja, William Hickey, alifika Canton 1769 akaingizwa kwenye ukumbi mmoja mrefu. Alikuta watu zaidi ya mia wanachora kaure, wengine wazee kabisa, wengine watoto wa miaka sita au saba. Na kule Jingdezhen, padri wa Kifaransa d'Entrecolles aliandika mwaka 1712 kwamba kila mtu ana kipande chake: huyu anachora mistari tu, yule anajaza rangi. Alisema chombo kimoja huweza kupita mikono ya watu sabini.

Ndiyo maana mara nyingine nikikishika kile kisahani najiuliza kama waridi na kipepeo ni vya mtu mmoja. Waridi ni la mzoefu. Kipepeo ana mguu mmoja zaidi. Nahisi mtoto.

---

Mwalimu wa Maabara

Niongeze la fani yangu. Ile pinki ya waridi ni dhahabu halisi. Unayeyusha dhahabu kwenye mchanganyiko wa asidi mbili, ya naitriki na ya haidrokloriki, halafu bati linaiganda iwe chembe ndogo kupita kiasi. Chembe za dhahabu zikiwa ndogo hivyo hazionekani za njano tena, zinaonekana nyekundu na pinki. Ulaya rangi hiyo inaitwa kwa jina la Cassius, na ilishajulikana karne ya 17. Uchina pinki ya dhahabu ilishika kasi miaka ya 1720, na Wachina wenyewe waliziita rangi za kundi lile *yangcai*, rangi za kigeni.

Böttger akafungwa kwa kujidai anaweza kutengeneza dhahabu, akatoa kaure, halafu kaure ikaja kupambwa kwa dhahabu iliyogeuzwa ua. Mwanafunzi akiniletea insha hii ningemwambia ametunga.

---

Kidevu Cheupe

Kwa hiyo kisahani cha Fundi kina dhahabu. Fundi, unaishi mtaa gani huko, nikutembelee usiku?

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Mie babu yangu alikuwa baharia wa majahazi, nina swali la kimelimeli. Kaure inavunjika. Iliwezaje kufika Ulaya miezi na miezi kwenye mawimbi, na faida ikabaki?

---

Fundi Sahani

Swali zuri, na jibu lake utalipenda: kaure ilikuwa farumi.

Mzigo mkuu ulikuwa chai. Chai ni nyepesi na haitaki tone la maji. Meli yenye chai tupu inaelea juu juu, inayumba. Kwa hiyo makasha ya kaure yalipangwa chini kabisa, karibu na ngama, mazito, na hata maji yakivuja hayana la kuifanya kaure. Juu yake ndipo chai ikakaa. Chombo kilichowekwa mezani kwa mtukufu wa Amsterdam kilisafiri kama jiwe la kutuliza meli. Waliingia na pepo zao za msimu, kusi iwapeleke, kaskazi iwarudishe, kama babu yako. Anayeagiza shada lake maalum leo, alishukuru akilipata baada ya miaka miwili.

Januari 1752 meli ya Kiholanzi Geldermalsen ilizama Bahari ya Uchina Kusini ikitoka Canton. Mzigo wake uliibuliwa 1985, na 1986 vyombo vyake zaidi ya laki moja vikapigwa mnada Amsterdam. Wazee ghalani kwetu bado wanazungumzia wiki ile. Zaidi ya miaka mia mbili majini! Buluu ya chini ya kioo ilitoka kama imeoshwa jana. Rangi za juu ya kioo nyingi zimeliwa na chumvi, pengine unaona tu kivuli butu pale ua lilipokuwa, mpaka uinamishe dirishani.

Tangu nivione hivyo sijaosha kisahani changu kwa sponji la kijani.

---

Mpiga Debe Mstaafu

Na biashara iliishaje?

---

Fundi Sahani

Ulaya ilijifunza kutengeneza vyake kwa bei nafuu. Wedgwood wa Uingereza alitoa vyombo vya rangi ya krimu, kila mtu akavitaka, na 1791 Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ikaacha kuagiza kaure kwa jumla. Wamarekani ndio kwanza walikuwa wameanza, meli yao ya kwanza kwenda Canton iliondoka New York 1784, wakaendelea kununua miaka mingi tu. Sehemu hiyo siipendi sana, maua yanazidi kuwa ya haraka haraka, vijiua vimemwagwa kama chumvi.

---

Binti Mkunazini

Nimesoma kimya kimya toka asubuhi. Swali langu: huku kwetu pwani kaure za Kichina zipo tangu na tangu. Kaole, Kunduchi, Mambrui, makaburi ya nguzo yalipachikwa bakuli. Nyumba za Lamu zina zidaka za kuzipanga. Ni hizi hizi za maua?

Halafu mnasema kaure, sisi tumezoea kauri. Kipi sahihi?

---

Fundi Sahani

Dada Binti, zile za makaburini ni ukoo mmoja lakini tawi jingine. Nyingi ni za kijani kama jiwe la thamani au buluu na nyeupe, zililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi yenyewe, na michoro yake ni ya Asia. Baadhi zimewatangulia Wareno kufika kwenu. Maua ya Ulaya yasakwe kwenye oda za Mzungu.

La kauri na kaure, yote nayasikia. Ila shika hili: kauri kwetu ni simbi wa baharini pia, sivyo? Kwa Kiitaliano cha zamani *porcellana* lilikuwa jina la simbi yule yule, na ndilo Wazungu walilokipa chombo cha Kichina kwa sababu ya kung'aa kwake. Ni kama watu wawili mbali mbali wametazama chombo kimoja wakakumbuka simbi mmoja.

---

Binti Mkunazini

Basi nikwambie kilichonileta. Bibi ana sahani moja kabatini, Unguja hapa. Ina shada katikati, waridi la pinki na maua mengine siyajui, ukingo una mstari wa dhahabu uliofutika nusu. Mama yake aliipata kwa bibi harusi mmoja wa zamani, zaidi ya hapo hajui. Nimeigusa kwa nje kwa kidole nikasikia vyuma. Ina pini za shaba mgongoni, tatu, zimeshona ufa.

---

Fundi Sahani

Pini! Mafundi wa zamani walitoboa kwa kekee nusu unene, wakapachika pini za moto, zikipoa zinavuta ufa ukajifunga. Msizitoe, na msiruhusu mtu alete gundi.

Sitaki kukupa tamaa, karne ya 19 Ulaya ilimwaga vyombo vya maua pwani yenu, inaweza kuwa ya huko. Fanya hivi: igeuze taratibu juu ya kanga iliyokunjwa, tazama kitako. Kama kuna maandishi ya kuchapwa, uwezekano mkubwa ni ya kiwanda cha Ulaya, imekwisha. Kama hakuna, tafuta mstari wa kutu, halafu uje hapa mbio.

---

Mzee wa Guangzhou

Na kama kuna jina la tovuti, ni ya kwangu.

---

Binti Mkunazini

Mzee wa Guangzhou, Mungu anakuona 😂

Nimetoka kwa bibi sasa hivi. Amekataa. Anasema hiyo ni sahani ya tambi za Maulidi, haigeuzwi wala haiteremki kabatini mpaka Mfunguo Sita, na kama kuna Mholanzi anataka kuona kitako chake aje mwenyewe apige hodi.

---

Fundi Sahani

Mwambie bibi shikamoo. Naangalia nauli.